Kubadili Chapa au Kuipiga Msasa: Mwongozo Kamili kwa Biashara Changa

Kuna kosa linalojirudia kwa wenye biashara changa. Mauzo yanalegea, mwenye biashara anaitazama nembo yake, anaiona imechoka, anamtafuta mbunifu. Wiki tatu baadaye kuna nembo mpya, rangi mpya, pengine hata jina jipya, na mauzo yamelegea vilevile. Miezi kadhaa ikipita anaanza tena, safari hii na mbunifu mwingine.

Mwongozo huu ni wa kukata shauri kabla hujamlipa mtu yeyote. Ukiufuata utafika kwenye jibu moja kati ya matatu: uache kila kitu kama kilivyo, uipige msasa chapa uliyonayo, au ubadili chapa yenyewe. Nakuambia mapema kwamba jibu la kwanza linawafaa wengi kuliko wanavyopenda kukubali.

## Maneno mawili tusiyachanganye

Kupiga msasa ni kusafisha sura. Jina linabaki na ahadi yako kwa mteja inabaki. Unanyoosha nembo, unapunguza rangi, unachagua herufi zinazosomeka, unapiga picha bora, unaandika upya maelezo ya biashara. Mteja wa jana akipita leo anakutambua bila kuuliza.

Kubadili chapa ni kugusa jina, au kile unachoahidi, au mtu unayemwahidi. Mteja wa jana akipita leo anasimama na kujiuliza kama bado ni ninyi.

Ukikwama wakati wowote mbele, rudi kwenye kipimo hicho: mteja wa zamani atahitaji kuelezwa? Kama ndiyo, unabadili chapa, hata kama mbunifu wako anakiita kitu hicho marekebisho madogo.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari, au jedwali la kompyuta.
- Mauzo ya miezi 6 hadi 12, mwezi kwa mwezi. Kama huna rekodi hizo, simama hapa uanze kuzitunza. Tatizo lako la kwanza umeshalipata.
- Mazungumzo 30 ya mwisho na wateja: jumbe, maoni, maswali ya simu. Yaandike kwa maneno yao, usiyapambe.
- Watu 15 wa kuuliza: 5 wanaorudi kununua, 5 walionunua mara moja wakapotea, na 5 ambao hawajawahi kukusikia.
- Picha ya kila mahali jina lako linapoonekana, kuanzia kibao cha nje hadi muhuri.
- Nyaraka za usajili wa biashara, pamoja na jina la mtu aliyelipia anwani ya tovuti.
- Wiki mbili za kazi ya jioni.

Mbunifu hayumo kwenye orodha hiyo, na nimemwacha kwa makusudi. Ukimwita mapema atakuletea michoro mizuri, na mtu akishapenda mchoro hasikii tena hoja.

## Hatua ya 1: Andika lalamiko kwa sentensi moja

Andika kinachokusumbua kuhusu chapa yako. Sentensi moja tu. Kisha pembeni yake andika nani amesema hivyo: mimi, mteja, au karatasi, yaani rekodi za mauzo au barua ya kisheria.

Sababu ya kufanya hivi ni kwamba wewe unaiona nembo yako kuanzia asubuhi hadi usiku, kwenye simu, kwenye mifuko, kwenye ankara. Mteja anaiona kwa sekunde chache, tena akiwa na haraka. Utaichoka muda mrefu kabla yeye hajaanza kuikariri. Biashara nyingi hubadilisha sura wakati hasa sura ya zamani ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuzoeleka.

Jihadhari na sentensi kama "haina mvuto", "imepitwa na wakati" au "haionekani ya kitaalamu". Hizo ni hisia, huwezi kuzihesabu. Linganisha na hii: "Kati ya watu kumi waliopiga simu wiki hii, wanne walidhani tunakodisha mashine, ilhali tunauza." Hiyo mtu mwingine anaweza kuihakiki.

Umefaulu ukiwa na sentensi ambayo mtu asiyekujua anaweza kuipima akakuambia ni kweli au si kweli. Kama kila sentensi unayoandika imetoka kwako mwenyewe na hakuna hata moja ya mteja au ya karatasi, jibu lako pengine ni kuacha mambo yalivyo. Endelea lakini, maana hatua ya pili ndiyo inayowashangaza watu.

## Hatua ya 2: Tafuta bomba linapovujia

Mteja hupita vituo vinne: anakusikia, anaelewa unachouza, ananunua, anarudi. Chukua yale mazungumzo 30 na rekodi zako za mauzo, uone wengi wanapotelea kituo kipi.

Wanapotea kabla ya kukusikia. Hakuna anayepiga simu, hakuna anayepita. Hapo shida yako ni kutofika kwa watu. Nembo mpya ambayo hakuna anayeiona haina tofauti na ya zamani ambayo hakuna aliyeiona. Fedha uliyotenga kwa mbunifu ipeleke kwenye kutangaza.

Wanapotea kwenye kuelewa. Wanakuja, wanatazama, wanauliza "mnafanya nini hasa?" Au wanaagiza kitu usichouza. Hapa chapa inahusika moja kwa moja. Mara nyingi dawa ni maneno: mstari mmoja chini ya jina unaosema unauza nini na kwa nani. Mstari huo hugharimu kidogo sana, na nimeona watu wakiuruka kwenda kubadili jina zima.

Wanapotea kwenye kununua. Wanaelewa, wanauliza bei, wanaondoka. Inaweza kuwa bei, inaweza kuwa namna ya kulipa, inaweza kuwa kwamba sura yako haifanani na bei yako. Hili la mwisho lipo kweli: kazi ya fundi hodari ikiwekwa ndani ya picha zenye giza huonekana ya bei ya chini. Msasa unasaidia hapo.

Wananunua lakini hawarudi. Funga mwongozo huu ukashughulike na bidhaa au huduma. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi naukubali nusu tu, kwa sababu hata kizuri lazima kwanza kionekane ndipo kijiuze. Ila nusu ya pili ni kweli kabisa: kibaya kikivalishwa chapa mpya kitajitembeza kwa kasi zaidi, na sifa mbaya itakifuata hadi kwenye jina jipya.

Onyo: usikubali jibu la "kote kunavuja kidogo". Hesabu. Kituo kimoja karibu kila mara kinazidi vingine.

## Hatua ya 3: Pima kumbukumbu ya watu

Kinyozi hajinyoi, na mwenye biashara hawezi kupima chapa yake mwenyewe. Hapa ndipo wale watu 15 wanapohitajika. Zungumza nao mmoja mmoja, ana kwa ana au kwa simu. Ukiwakusanya pamoja, wa kwanza kusema atawajibia wote.

Wale 10 waliowahi kununua waulize hivi, kwa mpangilio huu, bila kuwaonyesha kitu chochote:

1. Rafiki yako akitaka kutupata, utamwelekezaje?
2. Jina letu linaandikwaje? Niandikie.
3. Ukifumba macho ukatufikiria, unaona nini? Rangi gani, umbo gani?
4. Tunauza nini ambacho wengine hawauzi hivyo?

Swali la kwanza lina thamani kuliko yote. Sikiliza kama wanatumia jina lako, au wanasema "yule dada mwenye kibao cha njano", au "wale wa karibu na kituo". Kibao cha njano ni mali yako, hata kama wewe hukuwahi kukiona hivyo. Ukikipaka kijivu kwa sababu kijivu ndiyo fasheni, umeifuta ramani iliyokuwa kichwani mwa wateja.

Kampuni kubwa zimelipia somo hili. Mwanzoni mwa 2009 Tropicana, iliyokuwa chini ya PepsiCo, ilibadilisha boksi la juisi yake huko Marekani. Picha ya chungwa lililochomekwa mrija iliondolewa, ikawekwa glasi ya juisi. Jina halikuguswa wala kinywaji chenyewe hakikuguswa. Ndani ya takriban miezi miwili mauzo ya juisi hiyo yalishuka kwa asilimia 20 hivi, na boksi la zamani likarudishwa. Wanunuzi walikuwa wakitafuta lile chungwa kwenye rafu, hawakuwa wakisoma jina. Tazama vizuri kwamba huko kulikuwa kupiga msasa kwa tafsiri ya kila mtu, lakini kumbukumbu ilikuwa imekaa kwenye picha, na picha ndiyo iliyoondolewa.

Wale 5 wasiokujua waonyeshe jina na nembo kwa sekunde tano, kisha vifiche. Waulize unauza nini, na kwa watu wa aina gani. Usiwasaidie. Ukimya wao ni jibu.

Umefaulu ukiwa na orodha mbili: vitu wanavyovikumbuka (visiguswe, au viguswe kwa uangalifu mkubwa) na vitu ambavyo hakuna hata mmoja aliyevitaja (hivyo uko huru navyo). Ukikuta orodha ya kwanza ni tupu, usihuzunike. Biashara ambayo haijakumbukwa bado ina uhuru mkubwa wa kubadilika, na uhuru huo unapungua kila mwezi.

## Hatua ya 4: Lipitishe jina kwenye majaribio manne

Kwa kuwa jina ndilo linalotenganisha msasa na mabadiliko, lipime peke yake.

Simu. Mpigie mtu, litaje mara moja, mwambie aliandike. Kampuni tunayoijua leo kama Amazon ilisajiliwa mwaka 1994 kwa jina la Cadabra. Mwanasheria alilisikia vibaya kwenye simu, akadhani ni neno la Kiingereza "cadaver", yaani maiti. Mwanzilishi wake, Jeff Bezos, akalibadilisha kabla duka halijafunguliwa kwa wateja 1995. Ilikuwa rahisi kwa sababu ilikuwa mapema.

Utafutaji. Liandike kwenye mtandao kama mteja anavyoliandika, pamoja na makosa yake. Unatokea wewe, au wanatokea wengine watano wenye jina linalofanana?

Mdomo. Mwombe mteja alitaje mbele ya mtu mwingine. Akisita, akicheka, au akilifupisha, kuna kitu. Wakati mwingine kifupisho cha wateja ni jina zuri kuliko la kwako, na unaweza kulichukua.

Ukuaji. Litabeba bidhaa utakazouza miaka mitatu ijayo? AirBed & Breakfast lilikuwa jina la 2008 la tovuti ya kukodisha malazi, lililoelezea magodoro ya upepo sakafuni na kifungua kinywa. Nyumba nzima zilipoanza kukodishwa, jina lilibana, na 2009 likafupishwa kuwa Airbnb. Angalia walivyofanya: walikata, hawakutupa. Aliyelijua jina la kwanza aliweza kulitambua la pili.

Jina likifeli jaribio moja, kwa kawaida unaweza kuishi nalo kwa kulisaidia na maneno mengine. Likifeli matatu, hesabia kwamba utalibadilisha siku moja, na siku hiyo afadhali iwe karibu.

Kuna jambo moja ambalo halimo kwenye majaribio haya: kama unalipenda. Wenye biashara wengi hulichoka jina lao katika mwaka wa pili. Hupita.

## Hatua ya 5: Hakikisha jina ni lako kisheria

Hatua hii ni fupi kuisoma lakini ndiyo pekee inayoweza kukulazimisha kubadili hata kama hutaki.

Watu huchanganya mambo matatu. Kusajili jina la biashara hukupa ruhusa ya kufanya kazi kwa jina hilo. Kununua anwani ya tovuti hukupa anwani tu. Kinachokupa haki ya kumzuia mwingine asitumie jina au nembo kwa bidhaa kama zako ni alama ya biashara, na hiyo husajiliwa kwa maombi tofauti. Mtu anaweza kuwa na viwili vya kwanza kwa miaka, kisha akapokea barua kutoka kwa mwenye cha tatu.

Tafuta jina lako kwenye rejista ya alama za biashara ya nchi yako, kisha kwenye kanzidata ya chapa ya WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, ambayo ni ya bure mtandaoni. Utakutana na namba za madaraja. Hizo zinatoka kwenye Uainishaji wa Nice, wenye madaraja 45: 1 hadi 34 ni bidhaa, 35 hadi 45 ni huduma. Nguo na viatu, kwa mfano, viko daraja la 25. Jina lile lile likiwa la mwingine katika daraja lililo mbali na kazi yako, mara nyingi mnaweza kuishi pamoja. Likiwa katika daraja lako, ona mwanasheria kabla hujachapisha hata kadi moja.

Onyo: tafuta pia majina yanayosikika sawa hata kama yameandikwa tofauti. Kubadilisha herufi moja hakukuokoi.

## Hatua ya 6: Hesabu kila mahali utakapopagusa

Chukua zile picha ulizopiga. Tengeneza jedwali la safu tatu: mahali, gharama ya kubadilisha, na nani mwenye ufunguo. Safu ya tatu ndiyo inayowakwamisha watu, maana akaunti ilifunguliwa na kijana aliyeshaondoka kazini.

Watu hukumbuka kibao, mifuko, kadi, sare na akaunti za mitandao ya kijamii. Wanavyosahau ni ankara na risiti, muhuri, saini ya barua pepe, leseni na vibali, mikataba na wasambazaji, ramani za mtandaoni, picha za zamani zilizosambaa zenye nembo, vifungashio vilivyobaki stoo, na jina linalotokea mteja anapolipa.

Hilo la mwisho lina madhara kuliko yote. Mteja anasoma jina jipya kwenye kibao, anafungua simu kulipa, linatokea jina asilolijua. Anasita. Anauliza kama ni utapeli. Wengine hawaulizi, wanaghairi tu, na wewe hutajua kamwe kwa nini. Kubadilisha jina kwenye akaunti za benki na malipo kunahitaji nyaraka na huchukua muda, kwa hiyo hujaanza kupanga kama hujauliza huko.

Jumlisha safu ya gharama mara mbili: mara moja kwa msasa, mara moja kwa mabadiliko kamili. Kwa biashara changa tofauti huwa kubwa kuliko mtu alivyotarajia, na asilimia ndogo tu ya fedha hiyo ni ya mbunifu.

Umefaulu ukiwa na jumla mbili za gharama kwenye karatasi, na hakuna mstari uliobaki na swali la "sijui nani ana nywila".

## Hatua ya 7: Kata shauri

Sasa weka karatasi zote mezani.

Badili chapa kama angalau moja kati ya haya ni kweli: sheria inakulazimisha, jina limefeli majaribio matatu au zaidi, au unachouza leo si kile ulichoanza nacho. Hili la tatu ni halali kabisa. Instagram ilianza kama programu iitwayo Burbn, yenye mambo mengi ndani yake. Waanzilishi walipoona watu wanapenda zaidi sehemu ya picha, walipunguza mengine, wakaipa kazi mpya jina jipya na kuifungua Oktoba 2010. Biashara ilibadilika kwanza, jina likafuata. Wanaoshindwa hugeuza mpangilio huo: hubadilisha jina wakitumaini biashara itafuata.

Piga msasa kama jina limepita, wateja wanakukumbuka, ila bomba linavujia kwenye kuelewa au kununua. Au kama sura yako haina mpangilio: nembo tatu tofauti kwenye akaunti tatu, rangi zinazobadilika kila tangazo.

Acha kama lalamiko ni la kwako peke yako, au kama bomba linavujia kwenye kusikika au kurudi. Andika tarehe ya kulitazama tena baada ya miezi sita. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Ukisita kati ya msasa na kubadili, ushauri wangu unategemea umri. Biashara ya miezi minane yenye wateja wachache wanaokumbuka inaweza kubadili jina kwa kuwapigia simu wote mchana mmoja. Ya miaka minne haiwezi. Ukiwa bado mdogo na jina lina kasoro ya kweli, kubali maumivu sasa.

Onyo kuhusu kuiga wakubwa: Starbucks iliondoa maandishi kwenye nembo yake 2011, na Mastercard ikaondoa jina kwenye duara zake mbili 2019. Waliweza kwa sababu michoro yao ilikuwa imeonekana duniani kwa miongo. Wewe jina lako lisomeke.

## Hatua ya 8: Ukichagua msasa

Chukua ile orodha ya vitu vinavyokumbukwa. Hivyo ndivyo maagizo ya kwanza kwa mbunifu: "Njano ibaki. Umbo la ndege libaki. Mengine uko huru." Mbunifu mzuri atafurahi kupewa mipaka. Anayenung'unika kwamba unamfunga mikono, mshukuru utafute mwingine.

Mpe majaribio ambayo kazi yake lazima ipite:

- Nembo isomeke ikiwa ndogo kama kijipicha kwenye kichupo cha kivinjari, ambacho ni pikseli 16 kwa 16. Mara nyingi hii inamaanisha toleo la pili lililorahisishwa.
- Isomeke kwa wino mweusi peke yake, kama kwenye muhuri au risiti.
- Maandishi yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, kiwango kinachotumiwa na miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti (yaani tovuti itumike hata na wasioona vizuri) kwa maandishi ya kawaida. Kuna vipimo vya bure mtandaoni.
- Rangi zitolewe kwa namba za skrini na namba za uchapishaji. Buluu kali ya kwenye simu hufifia ikichapishwa, na utalaumu mpiga chapa bure.

Dai faili za vekta, zile zinazokuzwa bila kuchakaa, na makubaliano ya maandishi kwamba kazi ni yako. Bila hizo utarudi kwake kila ukitaka bango.

Kabla ya kutoa hadharani, waonyeshe wateja watano wa kudumu. Usiwaulize kama wanaipenda. Waulize ni ya nani. Wakijibu haraka, msasa umefanya kazi. Gap, kampuni ya nguo ya Marekani, walitoa nembo mpya mtandaoni Oktoba 2010, wateja wakaikataa kwa kelele, na baada ya takriban wiki moja ya zamani ikarudi. Afadhali wewe kelele hizo uzisikie kutoka kwa watu watano ndani ya chumba.

Badilisha vitu vya skrini siku moja. Vya kuchapishwa badilisha kadiri vinavyoisha, isipokuwa kibao.

## Hatua ya 9: Ukichagua kubadili

Fuata mpangilio huu bila kuruka, maana kila kimoja kinategemea kilichotangulia.

1. Jina jipya lipite hatua ya 4 na ya 5. Tafuta majina matatu, maana mawili yatakufa kwenye rejista.
2. Kamata anwani. Nunua anwani ya tovuti na ushike majina ya akaunti kabla hujamwambia mtu.
3. Peleka maombi ya usajili, kisha benki na huduma za malipo. Subiri yakamilike. Hapa watu hukosa subira.
4. Waambie wa ndani kwanza. Wafanyakazi, wasambazaji, wateja wakubwa. Mteja akimuuliza mhudumu na mhudumu akashangaa, umeharibu.
5. Waambie wateja kwa sentensi tatu: tulikuwa nani, sasa tunaitwa nani, nini hakijabadilika. Sababu ndefu hazihitajiki. Taja kwamba oda, dhamana na madeni ya zamani yanaheshimiwa.
6. Geuza vyote siku moja. Kibao, mitandao, tovuti, ankara, jina la malipo. Biashara yenye majina mawili kwa wakati mmoja huonekana kama mbili, moja ikiwa ya uongo.

Kwenye tovuti, kila ukurasa wa zamani uelekezwe kwenye mwenzake mpya kwa uelekezaji wa kudumu, ambao mafundi huuita 301. Google inashauri uelekezaji huo ubaki angalau mwaka mmoja, na ina zana ya kuarifu mabadiliko ya anwani ndani ya Search Console, huduma yake kwa wenye tovuti. Usiache anwani ya zamani iishe muda. Anaweza kuinunua mwingine na kupokea wateja wako, hata barua pepe zao.

Andika "zamani ikiitwa" pamoja na jina la kale chini ya jina jipya kwa miezi sita hadi mwaka. Wengine huona aibu kuandika hivyo. Hayo maneno mawili ndiyo daraja pekee wateja wako walilonalo.

## Hatua ya 10: Pima baada ya siku 90

Hesabu tena vituo vinne vya hatua ya 2. Mauzo ya wiki mbili za mwanzo usiyaamini: udadisi huyapandisha na mkanganyiko huyashusha.

Kisha tafuta watu 15 wengine na uwaulize lile swali la kwanza, rafiki yako utamwelekezaje. Kama ulipiga msasa, wanaolitumia jina lako wawe wengi kuliko mara ya kwanza. Kama ulibadili jina, utasikia mchanganyiko, wa zamani wakisema la kale na wapya wakisema la sasa. Hiyo ni hali nzuri kwa siku 90, wala usiwasahihishe wanaotumia la kale.

Ukisikia jina la tatu ambalo hukuwahi kulitumia, liandike kwenye daftari, na umuulize aliyelisema amelitoa wapi.